Fundi Chai na Kisima cha Nyumbani Kwake

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi wetu mkuu wa visima anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Idara nzima inamwita Fundi Chai. Wageni wanaodhani ni kwa sababu ya ulafi wasamehewe, kwani hata sisi tulidhani hivyo.

Akiitwa kwenye nyumba yenye maji mabaya, huomba kwanza kikombe cha chai ya rangi. Ikija nyeusi tii, anajua maji yana chuma. Kisha huzunguka uani kutazama nguo zilizoanikwa: shati jeupe lenye madoa ya kutu humwongezea uhakika, na mabomba yaliyotoboka humwambia kuwa kuna asidi pia. Vipimo hutoka mkobani mwisho, na kwa kawaida hukubaliana naye.

Tiba yake haibadiliki. Maji yapite kwanza kwenye pipa la mawe ya chokaa yaliyopondwa ili asidi ipungue, yadondoke hewani ili chuma kigeuke kutu, halafu ndipo yachujwe kwa mchanga. Mafundi wapya waliotaka kuanza na mchanga waliambiwa kuwa haraka haraka haina baraka, wakatumwa kurudia kazi. Na kila mwenye nyumba alisisitiziwa aongeze chokaa mara kwa mara, maana asidi huila kidogo kidogo.

Lakini mganga hajigangi. Alipojenga nyumba yake pembezoni mwa mji, kisima kilitoa maji makali kuliko yote aliyowahi kupima. Alifunga mitambo vizuri, kisha akazama katika kazi za visima vya watu, na chokaa ya kwake ikaisha bila yeye kukumbuka. Maji yaliendelea kutoka maangavu bombani, maana chuma kilichoyeyuka hakionekani kwa macho. Mkewe, muuguzi, akafulia sare zake. Sabuni ilipokutana na chuma kile, sare zikatoka zote na rangi ya kutu, wiki ya ukaguzi hospitalini. Mama akafungasha, akahamia kwa dada yake, na kutuma ujumbe kwamba atarudi siku nguo nyeupe itakapobaki nyeupe.

Sisi wa maabara ya idara tulicheka sana mwanzoni. Baadaye tuliacha, kwa sababu mzee alianza kula chakula cha mchana peke yake, na tulimhurumia kwa dhati.

Mwezi uliopita alichukua likizo yake ya mwisho na hakusafiri. Alimwaga pipa, akajaza chokaa mpya, akaosha mchanga, akapima, akapima tena. Kisha akamwalika mkewe. Mama alikuja na sare moja tu, akaifua mwenyewe, akaianika, akaketi kwenye ngazi kusubiri ikauke. Fundi anasema hajawahi kuogopa kipimo namna ile.

Fundi, asante kwa kila kisima ulichokitibu na kila fundi uliyemlea. Chokaa yetu tutaikumbuka. Tunakuombea wewe na mama afya, utulivu na shuka nyeupe.

Chai itakayotolewa baada ya hotuba imepikwa kwa maji ya kisima cha Fundi mwenyewe. Ameyaleta mama mwenyewe asubuhi, kutoka nyumbani kwao, yeye na Fundi. Tafadhali itazameni rangi yake kabla ya kutia maziwa.