Miwani Iliyopasuka ya Wapika Sabuni wa Gatete

Mgeni rasmi, na nyote mliofuatana naye kutoka Rumonge, amahoro, amani iwe kwenu.

Sisi wapika sabuni wa Gatete tunakukaribisha kwenye karakana yetu. Umekuja kuzindua pipa jipya la kupikia.

KAZI YETU

Tunachemsha mafuta ya mawese pamoja na soda kali. Soda hiyo ikirukia jicho, inalila kabla hujafikia maji.

MIWANI YETU

Zamani tulikoroga macho wazi, tukigeuza nyuso pembeni. Mwaka juzi tuliletewa miwani ya kinga. Vioo vyake si vioo hasa, ni plastiki iitwayo polikaboneti, ileile ya kwenye kofia za pikipiki. Ni nyepesi, inaonyesha vizuri, na hata ukiigonga kwa nyundo haivunjiki ovyo. Mwenzetu Kezia alirukiwa na uji wa sabuni usoni. Alinawa, akavua miwani, macho yake yakawa mazima. Tangu siku hiyo tuliiamini.

YALIYOTUPATA

Hatukuambiwa plastiki hii inaharibiwa na nini. Tuliianika juani, ikawa ya njano. Soda ilipoigandia tuliifuta kwa esansi, yaani petroli ya pikipiki, maana ilitakata upesi. Kumbe soda na esansi zote zinaidhoofisha. Nyufa nyembamba kama unywele zikaanza kutambaa.

Mwezi uliopita mwenzetu Jamila alimwambia msimamizi, "Shefu, hii yangu imepasuka."

Akajibiwa, "Maliza pipa hili kwanza, mama."

Uji uliruka, miwani ikagawanyika. Jicho la kushoto la Jamila halioni tena.

Sasa tunaiosha kwa maji na sabuni laini, lakini nyufa hazizibiki. Hakuna iliyobaki nzima. Pipa likianza kutokota, miguu yetu inarudi nyuma yenyewe. Hadjara siku hizi anakoroga amefumba macho, na hilo linatutia hofu zaidi.

MAOMBI

Tunaomba miwani mipya, na mtu wa kutufundisha kuitunza. Tunaomba bomba la maji karibu na pipa.

Ombi la mwisho msimamizi hajalisikia mpaka sasa. Baada ya risala hii umepangiwa kuwasha moto, nasi tukoroge mbele yako, tupigwe picha pamoja. Mheshimiwa, kiberiti kiko mezani pako. Tunakuomba leo usikiguse.

Mungu akulindie macho yako na ya watoto wako. Murakoze, asante sana.

Imesomwa na Agnesi,
kwa niaba ya Wapika Sabuni wa Gatete.