Diwani Aliyeigawa Kata Yake: Krispini Ponsian Kasonso, 1938–1999

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kasekese leo, Jumatano tarehe 17 Machi 1999, familia inawashukuru, na inawaomba mtulie kidogo msikilize habari za mzee wetu.

Marehemu Krispini Ponsian Kasonso alizaliwa hapa hapa kijijini tarehe 6 Agosti 1938, mtoto wa kwanza wa Mzee Ponsian na Mama Helena. Mdogo wake ni Ezekia. Baba yao alifariki Ezekia akiwa bado ananyonya, hivyo Krispini alimlea kama mwanawe.

Alisoma shule ya misheni Karema hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1955. Mwaka 1957 aliajiriwa kuwa karani katika stesheni ya reli Mpanda. Kazi ile ilimzoesha kuandika saa ya kila jambo, na mkewe alikuwa akisema kwamba hata kuku wa nyumba yao walikuwa na ratiba.

Mke huyo ni Kalista, aliyefunga naye ndoa Mpanda tarehe 15 Septemba 1962. Walijaliwa watoto watatu: Matilda, Obadia na Suzana. Mwaka 1979 marehemu aliacha reli, akarudi Kasekese kulima.

Mwaka 1988 alichaguliwa kuwa diwani. Wakati ule kata ilikuwa moja, inaanzia huku kwetu na kuteremka mpaka vijiji vya ziwani, Ikola ikiwemo. Mwezi Juni 1991 baraza lilikaa Mpanda na kupitisha ushuru mpya wa dagaa. Wajumbe walipokuwa wanatoka, alifika mama mmoja wa Ikola, Immaculata, mkausha dagaa, aliyesafiri siku mbili kwa miguu na kwa lori ili aupinge. Aliambiwa kikao kimekwisha. Akauliza ni nani aliyewasemea watu wa ziwani. Krispini alimjibu kwamba ni yeye, na kwamba alinyoosha mkono kukubali.

Mama yule alimtazama. “Mheshimiwa,” akasema, “mimi leo ndiyo nakuona.”

Neno hilo halikumtoka moyoni. Mwaka 1992 alichukua baiskeli na daftari akazunguka kata nzima, akiandika mwananchi anatembea saa ngapi kutoka kila kijiji mpaka kumfikia diwani wake. Alipolisoma daftari lile barazani, baadhi ya wenzake walicheka. Hakuketi mpaka alipolimaliza. Aliomba mambo matatu: kata igawanywe, ajenda zibandikwe sokoni siku saba kabla ya kikao, na ukumbini liwekwe benchi la wananchi wanaotaka kusikiliza. Benchi lilikubaliwa mwaka ule ule, ajenda mwaka uliofuata. Ombi la kugawa kata lilipelekwa juu, likarudi limekubaliwa mwanzoni mwa 1994.

Kalista alimwonya mapema.

“Baba Matilda, waliokupa kura ni wa huku. Wa ziwani hata sura yako hawaijui.”

“Ndiyo sababu,” akamjibu.

Kata ilipogawanywa, zahanati iliyokuwa ijengwe Kasekese ilipangiwa upande wa ziwani. Watu wa hapa walikasirika, na familia haina haja ya kulificha hilo leo, maana wengi wetu tulikuwa miongoni mwao. Oktoba 1994 marehemu aligombea tena, akapata kura 61 tu, akashindwa. Ezekia alimwambia mbele ya watu kwamba ameuza nyumbani kwao, na tangu siku hiyo ndugu hawa wawili hawakusemeshana.

Kalista alifariki tarehe 3 Mei 1996. Watoto walikuwa mbali, kila mmoja na maisha yake. Mzee alihamia Misunkumilo, pale Mpanda mjini, kwenye nyumba ya vyumba viwili, ili awe karibu na ukumbi wa baraza. Dorice, karani wa vikao, ametueleza kwamba katika vikao kumi na kimoja jina lake lilikuwa peke yake kwenye daftari la wananchi waliohudhuria. Alikuja na kofia yake, akaketi mwisho wa benchi kana kwamba anawaachia wengine nafasi. Baada ya kila kikao aliandika maamuzi kwa mkono wake, akayatuma kwa lori yabandikwe kwenye ofisi yetu ya kata. Hatukuwahi kumjibu. Wapo waliokuwa wakisoma.

Alianza kuugua kisukari mwaka 1997, na Januari mwaka huu figo zikashindwa. Alilazwa Mpanda tarehe 20 Februari. Matilda alikuja kumuuguza. Immaculata, ambaye sasa ni diwani wa kata ya ziwani, alifika kumjulia hali akitokea kikaoni. Mgonjwa alimuuliza kikao kimeamua nini.

“Nimeomba zahanati ya Kasekese,” Immaculata akamwambia. “Wameiahirisha mpaka Juni, mzee.”

“Kulikuwa na mtu wa Kasekese benchini?”

Immaculata alimwambia ukweli kwamba hakukuwa na mtu. Mzee akamwomba Matilda amgeuze upande wa ukutani.

Alifariki Jumapili tarehe 14 Machi, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Matilda aliiandika saa hiyo, akijua baba yake angeiuliza.

Ameacha watoto watatu, Matilda, Obadia na Suzana, wajukuu saba, na mdogo wake Ezekia. Jana asubuhi Ezekia alifika na jembe lake kabla ya watu wote, akauliza Kalista amelazwa wapi, akachimba kaburi hili la kaka yake kando ya shemeji yake. Vijana walitaka kumpokea jembe, akakataa.

Mungu amkaribishe mzee wetu, naye apumzike katika amani yake.