Karatasi ya Damu ya Zeyana

Basi la kutoka Dar lilikuwa limepita Bunju, na Mwanamvua bado ameikodolea macho karatasi ya mke mwenzake. Wote wawili walipimwa damu kwa ajili ya tezi la shingo. Namba ya homoni ya Zeyana ilikuwa kubwa kuliko yake. Hata ugonjwa unampendelea mke mdogo.

"Bwana atazidi kukudekeza," alimwambia.

"Siumwi, bi mkubwa," Zeyana alinong'ona. "Daktari kasema tezi langu zima. Namba imepandishwa na vidonge ninavyomeza nisishike mimba."

Miaka mitatu mume wao alikuwa akimhurumia huyu kwa kukosa mtoto.

Basi likasimama Bagamoyo. Humoud, mume wao, akapokea kapu la Zeyana kwanza, kama kawaida yake. "Haya, majibu yanasemaje?"

Mwanamvua akaikunjua karatasi ya Zeyana taratibu.