Pigo la Ijumaa: Kumuaga Ike Raybould wa Nyundo Kubwa

Bwana Isaac Raybould, ambaye sote tunamwita Ike, ameitumikia karakana ya Turley na Wanawe, hapa Cradley Heath, kwa miaka hamsini, na amestaafu Ijumaa tarehe 27 Juni 1997. Siku hiyohiyo karakana nayo imestaafu. Sijui kama Uingereza nzima yuko mwingine aliyeagwa pamoja na jengo lake, lakini Ike hajawahi kufanya jambo nusunusu.

Nimeombwa mimi, Les Willetts wa boila ya mvuke, niandike wasifu huu kwenye toleo hili la mwisho la jarida letu, kwa kuwa hakuna anayemjua Ike kama mimi, na kwa kuwa yule binti wa ofisini aliyekuwa akiandika vizuri amekwishapata kazi kwenye duka la mazulia. Shule niliiacha mapema, ila macho yangu hayajawahi kuacha kitu.

Ike aliingia hapa mwaka 1947, ana miaka kumi na mitano, akafagia magamba ya chuma chini ya tanuri. Alipofika ishirini na mbili akakabidhiwa mpini wa nyundo kubwa ya mvuke, tani tano, tunayoiita Hannah kwa jina la mama mkwe wa Turley wa kwanza, ambaye inasemekana mkono wake ulikuwa mzito zaidi. Hannah akipiga, vikombe vilicheza kabatini hadi mji wa Dudley. Shangazi yangu alifuga kuku huko, na nawaambieni mayai yalitoka bapa.

Mwaka 1966 alikuja mkaguzi mmoja mwenye kiburi, akatoa saa yake ya mfukoni, akaiweka juu ya fuawe. Ike akaishusha Hannah, tani zote tano, polepole, mpaka ikagusa kioo. Kioo hakikupasuka. Wapo wanaosema ilikuwa kokwa, si saa. Nilikuwa sijaajiriwa bado, lakini nilikuwa nimesimama mlangoni nikileta chakula cha baba, na nasema ilikuwa saa. Tena kabla ya siku ile ilikuwa inachelewa, na baada yake ikaenda sawasawa.

Mikononi mwa Ike zimetoka ndoano za kreni na mihimili ya meli visivyo na idadi. Ndoano zetu zimeinua mizigo ya nusu ya bandari za dunia. Nusu nyingine sijafika, siwezi kuisemea. Lakini hakuna mtu atakayemkumbuka Ike kwa ndoano. Atakumbukwa, kama dunia ina akili, kwa santuri moja.

Asiyefanya kazi ya nyundo aelewe jambo hili. Humu ndani hatusikiani kwa kelele, tunasomana midomo. Na dereva wa nyundo hapigi kwa kujisikia tu. Mbele yake yupo mshika koleo, aliyekishika chuma chekundu juu ya fuawe, na dereva hupiga pale mshika koleo anapoinamisha kichwa. Kichwa chini, pigo. Kichwa chini, pigo. Pigo la tatu huchelewa kidogo, maana hapo koleo linakigeuza chuma. Watu wawili wakizoeana hivyo miaka sita, hujui tena nani anamwongoza nani.

Mshika koleo wa Ike alikuwa Denzil Tromans, kijana mwembamba mwenye shingo kama ya bata, ambaye jioni alipiga ngoma kwenye bendi. Walijiita Cold Shut, yaani ule ufa unaojificha ndani ya chuma kilichokunjwa kikiwa kimepoa. Jina la balaa, lakini waliona linawafaa. Siku zile bendi nyingine zote za mjini ziliimba maua na jua na wasichana wa London wenye mashati ya rangi, mbio mbio, kama watu wanaowahi basi. Na hawa wa kwetu walianza hivyohivyo, na nyimbo za blues za Kimarekani za kukopa. Shida ilikuwa chumba. Walifanyia mazoezi juu ya baa ya Bellows, Ijumaa alasiri, na ukuta wa Bellows ndio ukuta wetu. Upande wa pili yupo Hannah.

Huwezi kushindana na nyundo ya tani tano. Walijaribu. Mwenye gitaa alipiga sauti nyembamba, Hannah akaimeza. Akalegeza nyuzi zikanguruma chini, ndipo sauti ikabaki. Wakajaribu kwenda mbio, Hannah akawakata katikati. Mwisho Denzil, ambaye alikuwa ametoka zamu mapema na bado mwili wake unainama na kuinuka wenyewe, akawaambia waache ubishi, waifuate. Na Ijumaa alasiri, jamani, Hannah alikuwa mzito. Ijumaa ndiyo siku moto wa boila huachwa ufe ili tusafishe Jumamosi. Mvuke unapungua, nyundo inapanda kwa taabu, inashuka kama mtu aliyekata tamaa. Huo ndio mwendo waliouchukua. Walipokwenda London kurekodi, siku mbili tu kwenye chumba kimoja, waliupeleka kama ulivyo, na santuri wakaiita Mvuke Unapokufa. Ilitoka majira ya kuchipua ya mwaka 1970.

Redio haikuipiga. Wakosoaji walisema ni kelele za watu wasio na furaha, na hapo hawakukosea. Lakini vijana wa Aston, wa Tipton, kisha wa Ujerumani na Marekani waliinunua kama mkate, na huu muziki ambao leo dunia nzima inauita hevi metali ulikuwa umepata mmoja wa mababu zake. Magazeti yameandika kwamba uzito ule ulitokana na vita, na ukosefu wa kazi, na dawa za kulevya. Labda. Mimi nasema ulitokana na boila, na aliyekuwa akiuacha moto ufe kila Ijumaa ni mimi. Kungekuwa na haki, jina langu lingekuwa nyuma ya jalada.

Denzil alirudi mara moja kabla ya kwenda ziarani, amevaa koti la manyoya lililonuka mbwa, na santuri kwapani. Alimkuta Ike kwenye chakula cha mchana, mbele ya dengu na nyama ya nguruwe.

"Chukua hii, mzee. Pale mwanzo ni sisi. Wewe na mimi na Hannah."

"Sisi? Mimi London sijafika hata kwa ndoto."

"Wewe hujafika, mkono wako umefika. Isikilize halafu uniambie kama naongopa."

"Nikisikia umechelewa pigo la tatu, nakukata hayo masikio."

"Pigo la tatu nachelewa kwa sababu mimi ndiye nageuza chuma! Wewe umekaa tu na kampini kako kama bibi anayekamua ng'ombe!"

Tulicheka mpaka dengu zikatupalia. Ike aliahidi kusikiliza. Nyumbani kwake hapakuwa na gramafoni, redio tu, naye hakuwa mtu wa kuazima. Santuri ikawekwa juu ya kabati. Mwaka 1973, mwezi wa Januari, gari la bendi liliteleza kwenye barafu huko Ujerumani, na Denzil akafa kabla hajafikishwa hospitalini. Krismasi iliyofuata Muriel, mke wa Ike, akanunua gramafoni. Wakaweka santuri. Ike akakaa karibu, akainamisha kichwa, akakaa, mpaka upande wote ukaisha. Kisha akamuuliza Muriel kama imeshaanza.

Hivyo ndivyo alivyojua. Sisi sote masikio yetu yamekwenda kidogokidogo, lakini ya Ike yalikwenda kama yaliyoitwa. Miaka ishirini na kitu amekaa na santuri asiyoweza kuisikia, na swali la marehemu asiloweza kulijibu. Tumemwambia mara mia kwamba ni yeye. Anatusoma midomo, anatabasamu, anasema ninyi mnanifariji. Kwani nani alikuwa akishika mpini, sisi au yeye? Alitaka kujua mwenyewe, na Hannah akikatwakatwa kuwa chuma chakavu hapatakuwa na namna tena ya kujua.

Kwa hiyo siku ya mwisho alikuja na santuri.

Ratiba ya ofisi ilikuwa hivi: saa kumi alasiri mkurugenzi angevuta mpini apige pigo la mwisho, mpiga picha wa gazeti akiwepo, halafu chai na keki. Sisi tulijiwekea ratiba yetu ya saa nane. Mpwa wangu alileta amplifaya na spika mbili kubwa kama majeneza, tukaziweka chini ya dirisha. Ike alivua glavu akaweka viganja vyote viwili kwenye spika, naye mpwa wangu akafungua sauti hadi njiwa wakahama paa. Ike alisubiri. Akageuza viganja, akaweka migongo ya mikono. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama mishumaa, kama vilivyo kila baridi na sasa hata kiangazi. Nyundo imevila navyo, havihisi tena. Akaweka paji la uso. Akaweka kifua.

"Hakuna kitu," alisema, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia. "Ni sanduku tu."

Muriel akamshika mkono, akamwambia kwa midomo, "Basi, baba. Twende nyumbani."

"Bado. Wekeni chuma."

Tukatoa kipande cha mwisho tanurini, chekundu, nikakishika mimi kwa koleo. Boila ilikuwa imejaa, nilikuwa nimeijaza mwenyewe asubuhi kwa heshima ya mkurugenzi. Santuri ikarudishwa mwanzo. Ike akaanza kupiga kwa mwendo wake, macho yakiwa kwenye nyuso zetu, maana nyuso zetu ndizo masikio yake. Na Hannah akaruka kama mbuzi! Mvuke ulikuwa mwingi mno. Santuri inasema moja, Hannah amekwishasema mbili. Ike aliziona nyuso. Hakuna aliyethubutu kumdanganya, na hata tungethubutu, mtu aliyesoma midomo maisha yake yote humdanganyi kwa tabasamu. Akasimamisha mpini.

"Sawa," alisema. "Si mimi. Kijana alikuwa ananipenda tu."

Nimeshuhudia chuma kikipasuka, na mtu akiungua, na baba yangu akizikwa. Sijawahi kuona uso ukizimika namna ile. Ndipo nikakumbuka Ijumaa. Nikaangusha koleo, nikampungia mikono, nikamwambia kwa midomo, polepole, kama ninavyoandika hapa: "Mvuke ni wa Jumatatu, Ike. Ngoja nikupe wa Ijumaa."

Msimamizi wetu, Bwana Detheridge, alielewa matokeo yake kabla yangu. "Willetts, ukiuacha huo moto hauwaki tena. Mafuta yameisha. Mkurugenzi atapiga nini saa kumi?"

"Atapiga picha," nikasema.

Akaniangalia, akamwangalia Ike, akaingia ofisini kwake akafunga mlango. Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa, na namshukuru hapa kwa maandishi.

Nikaua moto. Nikafungua vali, mvuke ukapiga mluzi ukipotea juu ya mfereji wa mashua ulio nyuma ya karakana. Sindano ya kipimo cha mvuke ikashuka mpaka pale nilipoijua, pale ilipokaa kila Ijumaa ya ujana wangu. Chuma tulikuwa tumekirudisha tanurini. Kikatoka kimefifia, rangi ya damu iliyokauka, nikakishika tena kwa koleo. Santuri ikarudishwa mwanzo kwa mara ya tatu. Ike akavuta mpini.

Hannah akapanda kwa taabu. Akashuka. Na Denzil akashuka naye, kutoka kwenye spika, miaka ishirini na minne kaburini. Pigo. Pigo. Kisha kule kuchelewa, ingawa hakuna koleo lililokuwa likigeuza chochote, mimi nilikuwa nimeganda tu, lakini mkono wa Ike ukangoja wenyewe. La tatu. Pamoja. Tena, na tena. Vichwa vyetu vikaanza kuinama bila kuambiwa, karakana nzima, watu wazima na aproni zao za ngozi, Muriel naye na kofia yake ya kanisani. Vijana wa muziki huu hufanya hivyo hadi leo kwenye matamasha yao, kichwa chini, kichwa juu, kwa maelfu. Wanadhani ni furaha. Kumbe wanamwashiria Ike ashushe nyundo.

Ike alitazama vichwa. Hakutabasamu. Alipiga mpaka mvuke ukaisha, na Hannah akashuka mara moja ya mwisho, akalala juu ya kile chuma, hakuinuka. Santuri iliendelea peke yake. Ike alibaki na mkono kwenye mpini, ameinua macho, anangoja kichwa cha mtu kiiname. Hakuna kichwa ambacho kingemwinua Hannah tena.

Ndipo akasema, si kwetu:

"Anachelewa la tatu. Nilimwambia."

Mkurugenzi alifika saa kumi na tai yake nyekundu, akapigwa picha amesimama karibu na nyundo isiyonyanyuka. Keki ililiwa. Kile chuma kimebanwa chini ya Hannah hadi sasa, na kwa kuwa kilipigwa kikiwa kimepoa, aliyetengeneza ufa uliojificha ndani yake ni kila mmoja wetu.

Mzee Ike, kwa niaba ya wote waliowahi kusimama kwenye magamba haya, asante kwa mkono wako, ambao ulifika mbali kuliko sisi. Kukutakia utulivu ni mzaha, kimya unacho tele. Tunakutakia mwili wenye joto, Muriel karibu, na bia ya Bellows isiyopungua. Jumatatu saa mbili wanakuja na mitungi ya gesi kumkata Hannah. Nitakuwepo mimi, nitaangalia kwa niaba yako, na safari hii sitaongeza chumvi. Wewe usije. Usipite hata njia ya mferejini. Vipande vyake vikianguka, utavisikia miguuni.