Mwanamume Nyumbani kwa Kaisari

Kijiwe chetu ni kiti cha nyuma cha gari bovu, kimetolewa kikawekwa nje ya gereji moja mtaani Darsait, hapa Omani, kivulini. Mimi huleta birika, ndiyo maana wananiita Birika. Jina alilonipa baba wameshalisahau. Kahawa yangu ni ya tangawizi, na anayetaka ya hiliki akanywe kwao. Siku ile baada ya Alasiri tulikuwa wanne: mimi; Thani tunayemwita Redio, mstaafu wa wizara, anatazama vipindi vya historia mpaka mkewe amemhamishia televisheni uani; Hakimu, ambaye hukumu pekee aliyowahi kutoa maishani ni penalti; na Marhoon. Marhoon siku ile hakuna aliyemtania. Wiki iliyopita binti yake Rawya alifanya sherehe ya hina ya wifi yake, nyumbani kwake na mumewe Asaad, mtaa wa Khuwair ya Kusini. Wanawake watupu. Kumbe ndani ya buibui moja mna dume! Ukapigwa ukelele, dume likatoka mbio, na asubuhi Asaad akamrudisha Rawya kwa baba yake, ati "mpaka nifikiri". Leo baada ya Magharibi anakuja na ami yake kutoa neno. Marhoon kashika kikombe muda mrefu, hanywi. Na sisi, na ndevu zetu zote, tunaona haya kulitaja jambo lenyewe. Ndipo Redio akakimbilia Roma.

Redio: Mnajua, hata Warumi wa zamani yaliwakuta.

Hakimu: Yepi?

Redio: Ya... ya Kirumi. Kaisari, kabla hajawa mkubwa wa wakubwa. Nyumbani kwake palikuwa na ibada ya wanawake, hata mwenye nyumba hutoka. Kijana mmoja wa ukoo mkubwa, Klodio, akavaa nguo za kike, akaingia.

Hakimu: Astaghfirullah! Akajulikanaje?

Redio: Sauti, yakhe. Mjakazi alimsemesha, likatoka sauti la kiume. Mjakazi akapiga yowe. Mama yake Kaisari, Aurelia, akafunga milango, wakamsaka na mienge.

Marhoon akainua kichwa.

Marhoon: Na Kaisari alifanya nini?

Mjinga yule Redio, ndiyo kwanza analiona shimo alilojichimbia.

Redio: Alimwacha mkewe.

Mimi: Marhoon, nkutilie kahawa?

Marhoon: Alimwona na kosa?

Redio: Hata! Mahakamani Kaisari alisema hajui lolote. Akaulizwa, basi mbona umemwacha? Akasema, mke wangu hatakiwi hata kutiliwa shaka.

Hakimu: Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Hiyo inaingia wapi, Hakimu?

Hakimu: Shaka, babu wee! Ikijaa, basi.

Ningeweza kummwagia birika. Lakini akili zetu zilishaingia Roma, na kutoka hatukujua. Bora Roma kuliko kukitazama kikombe cha Marhoon.

Hakimu: Mie nnavyoona, Kaisari alishamchoka mke. Alikuwa anatafuta mlango tu.

Redio: Siasa ile! Klodio alikuwa na watu wake mjini, na Kaisari anawataka watu hao. Klodio hamuwezi, mke anamuweza.

Hakimu: Hamjui kitu. Mama mkwe! Nani alifunga milango? Aurelia. Nani alimsaka? Aurelia. Yeye kamwingiza, yeye kamtoa.

Mimi: Ushahidi uko wapi?

Hakimu: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Mimi: Hizi methali unaokota wapi wewe?

Redio: Sikilizeni. Klodio alidai siku ile alikuwa mji mwingine kabisa.

Hakimu: Nshasema! Asiyekuwepo na lake halipo. Basi walikuwa wawili: mmoja kajifanya mwanamke, na mwengine kajifanya Klodio!

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona nisipitwe.

Mimi: Au Kaisari mwenyewe ndiye aliyevaa zile nguo, apate kisa cha kuacha.

Redio akacheka. Hakimu akacheka. Marhoon hakucheka.

Marhoon: Na huyo Klodio, alifungwa?

Redio: Walihongwa waliomhukumu. Akatoka. Baadaye akapata na cheo.

Marhoon: Dume likapata cheo, mke akarudi kwao.

Mafundi gerejini waligonga chuma, wakaacha, wakagonga tena.

Marhoon: Nnaogopa, jamaa. Wallahi nnaogopa. Asaad ana wakubwa wake kazini, wanamchekea pembeni. Leo akiitoa talaka sebuleni kwangu, nitamwambia nini Rawya? Nitamtazama vipi?

Sasa, ubavuni petu alikuwa amekaa bwana mmoja juu ya tairi, anangoja gari lake. Hatumjui. Kwa Kiswahili chake ukimsikia, watu wake ni Waomani wa Bujumbura au huko huko bara. Alikuwa anatusikiliza tangu Roma ilipoanza, na nadhani maneno ya mwisho ya Marhoon hayakumfikia kwa ile nyundo.

Mgeni: Wazee wangu, samahani. Naitwa Muatasim. Huyo mke wa Kaisari, yeye alisema nini?

Redio: Alisema nini wapi?

Muatasim: Alipoulizwa.

Sijapata kumwona Redio kazimika.

Redio: Kipindi hakikusema.

Muatasim: Au hakuulizwa?

Hakimu: Si nimekwambieni, asiyekuwepo na lake halipo.

Muatasim: Lakini alikuwepo, mzee. Si ilikuwa nyumba yake?

Loo! Nikamtazama Marhoon, nikajuta kumtazama.

Marhoon: Sijamuuliza.

Mimi: Nani?

Marhoon: Rawya. Mambo haya baba na binti hawayazungumzi, mnajua wenyewe. Nilimtuma shangazi yake Shariffa amwambie akae ndani, anyamaze, tustirike. Akasema haya. Asaad hakumuuliza. Shariffa hakumuuliza. Sote tulikuwa tunamstiri.

Akaweka kikombe chini, akatoa simu. Vidole vilikosea mara mbili.

Marhoon: Rawya? Ni baba. La, hawajaja bado. Mwanangu... siku ile ilikuwaje?

Akasikiliza. Akasikiliza sana. Sisi tukaangalia lami kama watoto wa chuoni waliosahau aya. Mara akasema, "Wewe? Wewe mwenyewe?" Kisha, "Nisamehe, mama." Akaiweka simu mapajani, na machozi yanamshuka kwenye ndevu, hayafuti.

Marhoon: Aliyepiga ukelele ni yeye. Aliona viatu vya kiume chini ya buibui. Akamvua barakoa kwa mkono wake mwenyewe, akapiga kelele nyumba nzima isikie. Wiki nzima anangoja mtu amuulize.

Adhana ya Magharibi ikaanza. Nikainamisha birika nimtilie ya moto, zikatoka chembe tupu. Akaichukua ile yake iliyopoa, akainywa yote. Hakimu akavuta pumzi atoe methali, na mimi na Redio tukamwambia kwa pamoja: nyamaza.

Marhoon: Muatasim, gari lako bado?

Muatasim: Bado kidogo, mzee.

Marhoon: Liache. Tukasali, kisha twende kwangu. Kuna mtu anakuja na neno lake. Kabla hajalisema, wewe ambaye huna haya zetu, muulize lile swali lako: mkewe alisema nini? Na Rawya atakaa sebuleni, ajibu mwenyewe.