Bwana Viwavi, Mwalimu Aliyewaomba Radhi Watoto

Wengi wenu mlimfahamu marehemu kaka yetu kwa jina la Bwana Viwavi, na mwenyewe aliliitikia. Mimi ni mdogo wake, karani wa mahakama. Kabla sijafika mbali, wenzangu wa kazini mlioketi kushoto, nina neno la kusahihisha. Tangu mwaka 2005 nimewaambia kwamba kaka yangu ni mwalimu wa sekondari. Nilisema uongo. Alifundisha chekechea, watoto wa miaka minne na mitano, nami niliona aibu. Ni yeye aliyeniagiza niyaseme haya leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa baba seremala na mama mshonaji wa sare za shule. Alimaliza sekondari mwaka 1984 na kuhitimu chuo cha ualimu mwaka 1987. Mwaka 1990 darasa la chekechea lilikosa mwalimu. Walimu wenzake wa kiume wakatazama dari. Yeye akanyoosha mkono.

Darasani alifuga viwavi wa mlimau ndani ya sanduku la wavu alilotengenezewa na baba. Kila asubuhi watoto walimpima kiwavi kwa uzi, kisha wakajipima wenyewe kwenye fremu ya mlango. Kiwavi mchanga wa aina hiyo hufanana na kinyesi cha ndege, na kila mwaka hakukosekana mtoto wa kuziba pua. "Mpe wiki mbili," marehemu alimwambia. Wiki mbili hazikupita bure: kiwavi alinenepa, akageuka kijani, akajifungia ndani ya ganda, na siku ya kipepeo kutoka hakuna mtoto aliyekubali kwenda kunywa uji.

Majani ya mlimau ya kuwalisha viwavi hao ndiyo yaliyomletea mke. Mwaka 1991 alibisha hodi kwenye nyumba yenye mlimau akaomba majani. Mama wa nyumba akadhani kijana ana mafua, akamwongezea tangawizi. "Si yangu, mama," akasema, "ni ya wadudu." Binti wa nyumba hiyo alicheka mpaka akaketi chini. Walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1992, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1998 alichuma majani kwenye mti uliokuwa umepuliziwa dawa, bila kuuliza. Asubuhi viwavi wote tisa walikuwa wamekufa. Mwalimu mkuu, kwa nia njema, alimshauri atafute wengine haraka kabla watoto hawajaingia. Marehemu alikataa. Aliketi sakafuni, akawaambia, "Niliwapa majani yenye sumu. Ni kosa langu. Naomba mnisamehe." Binti mmoja akasema, "Haya. Lakini siku nyingine uulize kwanza." Tangu hapo kila mwaka aliwapanga foleni, wakapita lango kwa lango: "Hodi! Mti wenu umepuliziwa dawa?" Wangapi hapa mmewahi kuwafungulia lango? Kwa niaba ya familia, asanteni sana.

Novemba mwaka jana aligundulika ana maradhi ya figo. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upendo. Jumapili tarehe 4 Juni 2023 nilimwungamia uongo wangu. Alicheka hadi muuguzi akaja. "Na mwanao nilimfundisha mimi! Ulimwambia nini, anasoma sekondari?" Kisha akasema, "Mimi hukunikosea kitu, mdogo wangu. Umewakosea watoto. Umewafanya waonekane kazi ya kuonea haya." Nilipomuuliza nifanyeje, akasema, "Yaseme mbele ya watu. Halafu kabadilishe majani." Alituaga Jumanne tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu wawili, dada yetu na mimi, pamoja na wanafunzi ishirini na watatu ambao mpaka sasa wanaambiwa mwalimu amesafiri.

Mheshimiwa hakimu, nakuona pale. Jumatatu naomba nichelewe kazini. Shemeji, mke wa marehemu, anawalisha viwavi mpaka Jumapili tu, na zamu inayofuata ni yangu. Nitapita lango kwa lango, nitauliza kwanza. Kisha nitaketi sakafuni na watoto wa kaka yangu, mwalimu wa chekechea, niwaambie ukweli.

Kaka, ahsante. Mungu akupe pumziko la amani.