Kitambaa Kilichoanguka: Wasifu wa Marehemu Fundi Kioo

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Kioo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ni mdogo wake wa kike, aliyeandika wasifu huu na ndiye anayewasomea. Atajitaja hivyo hivyo, "mdogo wake", maana akisema "mimi" sauti itamkatika kabla ya kufika mwisho.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1980, akaingia sekondari, akaishia kidato cha pili baba yao alipofariki. Aliacha shule ili mdogo wake aendelee. Hakuwahi kumkumbusha jambo hilo, hata siku walizogombana, na waligombana sana tu.

Mwaka 1986 aliajiriwa kuosha magari katika yadi ya kampuni ya usafiri, na kwa miaka kumi na tisa magari meusi hakuyagusa mtu ila yeye. Gari jeusi halifichi kitu, alikuwa akisema. Ukilifuta ovyo, jua likilipiga unaona mikwaruzo ya duara imetapakaa kama utando wa buibui. Yeye alikuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia sponji, kisha kitambaa laini cha kukaushia, hadi gari liwe kioo; ndiko lilikotoka jina lake. Kitambaa kikianguka chini, ndiyo basi tena, hata kama kimegusa sakafu kwa ncha. "Mchanga hauna adabu," alisema.

Alifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1992. Siku ya kwenda kuposa alimkuta baba mkwe anasugua gari lake jeusi kwa tambara la kudekia. Jamani! Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaomba ndoo mbili. Wazee walimsubiri sebuleni saa nzima. Mjane hapa husema yeye hakuposwa, lilioshwa gari.

Kuhusu kuondoka kwake yadi, kikao cha familia kiliagiza iandikwe "aliacha kazi kwa hiari yake." Mdogo wake ameyafuta maneno hayo juzi, mlangoni kwa mchapaji, bila kumuuliza mtu. Wazee wamuwie radhi.

Ukweli ni huu. Marehemu ndiye aliyemtafutia mdogo wake kazi palepale yadi. Tarehe 9 Agosti 2005, marehemu alipokwenda kuchota maji, alimwachia akaushe gari la mkurugenzi, jeusi tii. Kitambaa kikamponyoka. Akakiokota, akakikung'uta mara mbili, akatazama huku na huku, akaendelea kufuta. Gari lilipotolewa juani, ubavu mzima ulikuwa mikwaruzo mitupu.

"Nani kafuta hili?" mkurugenzi akauliza.

"Mimi, bosi," marehemu akajibu kabla mdogo wake hajafungua mdomo. Na mdogo wake hakuufungua.

Siku mbili marehemu alilisugua lile gari kwa mashine na dawa ya kung'arishia, polepole, kipande kwa kipande, mpaka mikwaruzo ikaisha. Akakabidhi funguo, akakabidhiwa barua ya kufukuzwa. Tangu hapo alifanyia kazi uani kwake. Mdogo wake alibaki yadi, akapandishwa cheo akawa msimamizi. Mama yao aliamini mwanawe amefukuzwa kwa uzembe, mpaka alipofariki mwaka 2011. "Afadhali wewe, mwanangu, una mkono mwangalifu," alikuwa akimwambia mdogo mtu. Naye alikuwa akinywa chai yake.

Marehemu alianza kuugua figo Januari mwaka huu wa 2024. Wiki mbili kabla hajafariki, mdogo wake alikaa kando ya kitanda chake, wodi namba tatu.

"Kaka, nitawaambia watu."

"Utaisugua mpaka lini mikwaruzo hiyo? Utatoboa rangi, wewe."

"Mama alikufa akiamini..."

"Najua. Hilo liliniuma, sikufichi."

Hawakulizungumza tena. Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, na mdogo mmoja. Ninyi watoto wake, mliokua mkisikia kwamba baba yenu alifukuzwa kwa uzembe, baba yenu hakuwa mzembe hata siku moja. Na kama yupo hapa ambaye bado anauliza nani alilifuta gari lile, ni mimi.

Pumzika kwa amani, Kaka.